Pauni Si Fidia ya Dharau

Muuguzi wa kutoka kwetu akipiga simu nyumbani kutoka Leeds au Birmingham na kusema kwamba kazini anabaguliwa, jibu huwa limeshapikwa kabla hajamaliza kusema. Vumilia, mwanangu. Huko umefuata pesa, hukufuata mapenzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shangazi atalisema kwa upole, kaka atalisema kwa kicheko, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hakosi mmoja wa kuuliza kama yuko tayari kubadilishana naye nafasi: yeye aje huku kungoja ajira za serikali, na mwenzake aende mamtoni akabaguliwe kwa pauni. Watu wanacheka, kisha mazungumzo yanahamia kwenye michango ya harusi.

Hoja hiyo haiishii kwenye simu za familia. Mawakala wa ajira huihubiri kwenye semina za maandalizi ya safari, wakifundisha unyenyekevu kana kwamba ni sehemu ya sare. Viongozi huiegemea kila wanapohesabu fedha zinazotumwa nyumbani na walioko ughaibuni, ambazo kwa Kenya peke yake zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024. Hata wahamiaji wa zamani, waliokwisha kununua nyumba na kusomesha watoto, huwaambia wanaofika leo: sisi tulipitia hayo hayo, na tazama tulipo. Kwa ufupi, msimamo unaotawala ni huu: ubaguzi upo, lakini ni jambo dogo, unafanywa na watu wachache, mshahara unaufidia, na dawa yake ni subira.

Ninaupinga msimamo huu katika kila kipengele isipokuwa cha kwanza. Ubaguzi upo, naam. Lakini mahali unapouma zaidi hospitalini ni ofisini, wala si kitandani kwa mgonjwa. Umo katika kuamua nani apewe kazi baada ya usaili, nani apandishwe daraja, jalada la nani lifunguliwe, nani apelekwe kwenye wodi ya hatari na nani abaki nyuma. Hayo ni maamuzi ya mwajiri, yana saini na tarehe. Na kila tunapomwambia ndugu yetu avumilie, tunampunguzia mwajiri huyo gharama ya maamuzi yake.

Nisieleweke vibaya. Simlaumu aliyeondoka. Madaktari wa Kenya waligoma siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, wakagoma tena siku 56 mwaka 2024, na kati ya mambo yaliyogombaniwa mara ya pili ni malipo ya madaktari wanagenzi waliokuwa wamemaliza chuo wakakaa nyumbani bila kupangiwa kazi. Wauguzi wenye vyeti wanauza mitumba huku zahanati za vijijini zikiwa na muuguzi mmoja. Anayetoka katika hali hiyo kwenda Uingereza ana haki zake zote. Hoja yangu inaanzia pale anapoingia wodini.

Tuanze na dai jepesi: kwamba wabaguzi ni wagonjwa, tena wazee ambao akili imeshawachanganyikia. Wapo. Muuguzi yeyote mweusi aliyefanya zamu za usiku huko ana kisa cha mgonjwa aliyemtukana huku akimshika mkono ili asianguke. Wengi wao hawalalamikii hilo; wanajua ugonjwa ni nini. Lakini tazama kinachofuata pale mgonjwa mwenye akili zake timamu anaposema hataki kuguswa na mtu mweusi. Muuguzi anakwenda kwa kiongozi wa zamu. Kiongozi huyo ana upungufu wa watu wawili, simu inalia, na anachotaka ni amani. Anachukua kifutio, anafuta jina la muuguzi mweusi kwenye ubao wa vitanda, anamhamishia upande wa pili, na kuandika jina la Mwingereza pale lilipokuwa lake. Anamshukuru kwa kuelewa. Kila mtu anarudi kazini, na kwenye kumbukumbu za wodi hakuna kilichoandikwa.

Nani amebagua hapo? Mgonjwa alisema tu. Aliyetenda ni hospitali, kwa kifutio chake. Tena ilikuwa na njia nyingine: tangu Aprili 2020 kanuni za NHS, yaani huduma ya taifa ya afya ya Uingereza, zinaruhusu kumnyima tiba isiyo ya dharura mgonjwa anayewadhalilisha watumishi kwa ubaguzi. Kanuni ipo, inangoja kiongozi wa kuitumia. Mahali ambapo kiongozi ameona ni rahisi kumhamisha muuguzi kuliko kumkanya mgonjwa, ujinga wa mgonjwa umegeuzwa kuwa utaratibu wa kazi.

Na tukiwaacha wagonjwa kando kabisa, bado mzigo haupungui. Tangu mwaka 2015 hospitali za umma za England zinalazimika kutoa takwimu za watumishi wao kwa rangi, kwa utaratibu unaoitwa WRES. Utaratibu huo unayatenga matusi ya wagonjwa na yale yanayotoka kwa wakubwa na wenzako. Mwaka baada ya mwaka jibu limeelekea upande ule ule: katika takwimu za 2022, takriban asilimia 17 ya watumishi wasio wazungu walisema wamebaguliwa na meneja, kiongozi wa kikundi au wenzao kazini, wakati kwa wazungu ilikuwa takriban asilimia 7. Kwenye ajira, mwombaji mzungu ambaye jina lake limeshapita mchujo wa kwanza alikuwa na nafasi ya kupata kazi mara 1.57 ya mwenzake asiye mzungu mwaka 2016. Mwaka 2022 ilikuwa mara 1.54. Wote wameshapita mchujo, maana yake sifa za karatasini wanazo. Kinachowatenganisha ni dakika chache mbele ya meza ya usaili, na waliokaa nyuma ya meza hiyo si wagonjwa.

Hapo mtetezi wa msimamo ule hubadili wimbo. Basi, atasema, tatizo ni viwango. Watu wetu Kiingereza kinawapiga chenga, mafunzo yetu ni ya chini, Mwingereza ana haki ya kuwa mwangalifu. Wanaosema hivi hupenda kukumbusha yaliyotokea mwaka 2021, pale waziri wa afya wa Kenya wakati huo, Mutahi Kagwe, alipotangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza wa kwenda Uingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Habari hiyo ilichekwa sana, katika nchi ambayo watoto wamevishwa vibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani shuleni. Lakini hebu tuifuate mantiki yake mpaka mwisho. Walioshindwa hawakupanda ndege. Anayefika ni yule aliyefaulu Kiingereza, akafaulu mtihani wa nadharia, kisha akafanya mtihani wa vitendo hukohuko Uingereza, mbele ya watahini Waingereza, ndipo akaandikishwa. Wakati wa kungoja mtihani huo wa mwisho, mtu aliyekuwa akiongoza chumba cha wagonjwa mahututi Nairobi au Dar es Salaam hulipwa kama msaidizi, anatandika vitanda na kuosha wagonjwa. Akishaandikishwa anaanza bendi ya 5, ngazi ya muuguzi aliyetoka chuoni juzi. Kwa hiyo hoja ya viwango imeshapimwa, imelipiwa ada, na imekwisha kufungwa. Anayeitoa tena miaka mitano baadaye, wakati wa kupandishana vyeo, anatafuta kisingizio.

Mtu makini ataniuliza: takwimu za WRES si zinahesabu rangi ya mtu badala ya pasipoti yake? Ndiyo, zinahesabu rangi. Ndani yake wamo watu waliozaliwa London, waliosoma London, wasiojua lugha nyingine isipokuwa Kiingereza. Na hilo ndilo linaloizika hoja ya lafudhi. Kama tatizo lingekuwa lugha, mtoto wa mhamiaji aliyezaliwa Peckham, London, angepita mlangoni bila kuulizwa. Hapiti. Mhamiaji anayo mizigo miwili: ule wa rangi anaoubeba pamoja na huyo mtoto, na ule wa ugeni anaoubeba peke yake.

Huo wa ugeni ulipimwa kwa madaktari. Mwaka 2019 baraza linalosimamia madaktari wa Uingereza, GMC, lilitoa ripoti ambayo liliwaagiza Roger Kline na Doyin Atewologun waiandike. Waliuliza kwa nini waajiri huwapeleka baadhi ya madaktari mbele ya baraza kwa tuhuma za kutofaa kazi kuliko wengine. Takwimu za baraza zilionyesha kwamba madaktari wasio wazungu walipelekwa mara mbili zaidi ya wazungu, na waliosomea nje ya Uingereza mara mbili na nusu zaidi ya waliosomea huko. Ripoti haikuishia kusema kwamba mameneja ni watu wabaya. Ilionyesha namna jambo lenyewe linavyotendeka. Daktari mgeni hufika bila kuelekezwa vizuri namna mfumo unavyofanya kazi. Hupangwa kwenye vituo vya pembeni na zamu za kujitegemea, mbali na wakubwa. Anapokosea kidogo, mkubwa wake mzungu huona aibu kumwambia uso kwa uso, asije akaitwa mbaguzi, hivyo ananyamaza. Kosa dogo halisahihishwi, linakaa kwenye daftari la mtu. Yakifika manne, matano, hakuna tena mazungumzo ya faragha, inatoka barua. Wakati huohuo kijana Mwingereza aliyekosea vilevile ameshaitwa pembeni, akapewa kikombe cha chai na kuambiwa, kesho fanya hivi.

Huo ndio ubaguzi ninaouzungumzia. Hauna tusi hata moja ndani yake. Mtu aliyeambiwa na mama yake avumilie matusi hana hata cha kuvumilia; anashangaa tu siku anapokabidhiwa barua.

Sasa twende kwenye dai ambalo kwangu ni zito kuliko yote, kwamba haya hayaui. Aprili 2020, korona ilipokuwa imepamba moto, madaktari watatu wa Uingereza walichambua vifo 119 vya watumishi wa NHS vilivyokuwa vimeripotiwa. Watumishi wasio wazungu walikuwa karibu asilimia 21 ya watumishi wote, lakini walikuwa asilimia 63 ya waliokufa. Kwa upande wa madaktari, zaidi ya tisa kati ya kila kumi waliokufa hawakuwa wazungu, ingawa wao ni chini ya nusu ya madaktari wote. Wauguzi wa Kifilipino walizikwa kwa idadi iliyouliza maswali yenyewe. Najua sababu zilikuwa nyingi: umri, kisukari, nyumba zenye watu wengi. Lakini hilo si jibu lote. Chama cha madaktari, BMA, kiliwauliza wanachama wake majira hayo hayo, na madaktari wasio wazungu waliosema walishinikizwa kuwahudumia wagonjwa bila vifaa kamili vya kujikinga walikuwa karibu mara mbili ya wazungu kwa uwiano. Barakoa zinapokuwa pungufu, mtu mmoja ataingia chumbani bila barakoa. Ataingia yule asiyethubutu kusema hapana. Na nani alimfundisha asithubutu? Tulimfundisha sisi, kwa maneno yetu ya hekima.

Wagonjwa nao hawasalimiki. Watafiti Michael West na Jeremy Dawson, waliochambua kwa miaka mingi majibu ya watumishi na ya wagonjwa wa NHS, walionyesha kwamba pale watumishi wasio wazungu wanapobaguliwa zaidi ndipo wagonjwa wanaporidhika kidogo na huduma. Hakuna muujiza hapo. Muuguzi anayeogopa jalada haripoti kosa la dozi. Anayedharauliwa haulizi swali mbele ya daktari bingwa. Hospitali inayomziba mtu mdomo kwa sababu ya asili yake imejiziba masikio kuhusu kitanda anachokihudumia.

Basi arudi nyumbani, wanasema. Au atafute hospitali nyingine. Hakuna aliyemfunga kamba.

Kamba ipo, imeandikwa kwenye mkataba. Muuguzi aliyekwenda kwa viza ya wafanyakazi wa afya, iliyoanzishwa Agosti 2020, yupo nchini kwa udhamini wa mwajiri. Kazi ikiisha, udhamini unakwisha, na kwa kawaida hupewa siku 60 kumpata mdhamini mwingine au kufungasha. Sasa linganisha na njia ya haki. Anayetaka kulishitaki shirika lake kwa ubaguzi kwenye mahakama ya kazi amekuwa na miezi 3 ya kufungua shauri, lakini shauri lenyewe huweza kuchukua mwaka na zaidi kabla halijasikilizwa. Kesi ni ya miezi mingi, paa la nyumba ni la siku 60. Mwajiri anaijua hesabu hiyo, na muuguzi anaijua zaidi.

Juu ya hapo kuna kifungu cha kurejesha gharama. Kimejificha ukurasa wa saba au wa nane, kwa herufi ndogo: ukiacha kazi kabla ya miaka miwili au mitatu, utalipa ada ya viza, tiketi, mitihani, malazi ya mwanzo, na wakati mwingine hata mafunzo uliyopewa kazini. Mwaka 2022 magazeti ya Uingereza na chama cha wauguzi, Royal College of Nursing, walifichua mikataba iliyowadai wauguzi na walezi maelfu ya pauni, mingine ikizidi 10,000. Mtu aliyeuza kiwanja ili alipe wakala, mwenye viza ya mkono wa mwajiri na deni la pauni 10,000 likimngoja mlangoni, anaambiwa na ndugu zake kwamba yuko huru kuondoka. Hata aliyeko jela angecheka.

Linabaki dai la wazee, na ndilo linalovutia kuliko yote: kwamba subira ilizaa matunda. Tuitazame historia. NHS ilizaliwa Julai 5, 1948, wiki mbili tu baada ya meli ya Empire Windrush kutia nanga Tilbury na abiria kutoka Karibiani. Katika miaka ya 1950 na 1960 maelfu ya wasichana wa Jamaika, Barbados na Trinidad waliitwa kwenda kusomea uuguzi. Wengi walielekezwa kwenye kozi ya miaka miwili ya muuguzi wa daraja la chini, mara nyingi bila kuelezwa kwamba kulikuwa na kozi nyingine ya miaka mitatu, ambayo ndiyo iliyofungua milango ya vyeo. Cheti cha miaka miwili hakikutambuliwa katika nchi nyingi walikotoka. Hivyo hawakuweza kupanda kule, wala kurudi na taaluma kwao. Walivumilia. Walifanya zamu za usiku miaka thelathini. Enoch Powell, aliyekuwa waziri wa afya kati ya 1960 na 1963 wakati hospitali zikiwategemea wahamiaji, ndiye aliyesimama Birmingham mwaka 1968 na kutoa hotuba ya kuwachongea wahamiaji ambayo Uingereza haijaisahau mpaka leo. Basi na tusidanganyane kwamba anayekuhitaji lazima atakuheshimu. Kuhitajika na kudharauliwa vimelala kitanda kimoja kwa zaidi ya miaka 70.

Na mavuno ya subira hiyo? Mwaka 2014 Roger Kline alitoa ripoti kuhusu uongozi wa hospitali za London. Watumishi wasio wazungu walikuwa asilimia 41. Kwenye bodi za hospitali hizo walikuwa asilimia 8, pungufu hata ya miaka minane iliyotangulia. Mwaka 2022 uchunguzi wa Royal College of Nursing ulikuta kwamba kati ya wauguzi wa umri wa miaka 35 hadi 44, asilimia 66 ya wazungu walikuwa wamewahi kupandishwa cheo, na weusi asilimia 35. Nyumba aliyonunua mzee wetu ni ya halali na tunampongeza, lakini aliinunua kwa zamu za ziada, kwa sababu cheo ambacho kingemlipa bila zamu za ziada alipewa mwingine. Na wale ambao leo wanafika hawakukuta njia iliyolainishwa. Agosti 2024, ghasia za wapinga wahamiaji zilipozuka England, wauguzi wa Kifilipino walishambuliwa kwa mawe Sunderland wakiwa njiani kwenda hospitali kuitikia wito wa dharura, siku ambayo hospitali ilikuwa ikiwangoja wakatibu majeruhi wa ghasia hizohizo.

Mvumilivu hula mbivu, tumefundishwa. Lakini kuna jambo moja lililobadilika ndani ya NHS katika miaka ya karibuni, na halikuletwa na uvumilivu. Mwaka 2016 mtumishi asiye mzungu alikuwa na uwezekano wa kufunguliwa shauri la nidhamu mara 1.56 ya mzungu. Kufikia 2022 ilikuwa mara 1.14. Kwa nini pengo hili lilipungua na lile la usaili likabaki palepale? Kwa sababu hili lilishughulikiwa. Watu walilalamika, takwimu zikalazimishwa kuchapishwa, na baadhi ya hospitali zikaweka kizuizi: kabla meneja hajafungua shauri, sharti ajibu maswali mbele ya mkubwa wa nje ya kitengo chake. Je, kosa hili limewahi kufanywa na mwingine? Alifanywa nini? Je, haliwezi kumalizwa kwa mafunzo? Maswali matatu tu, na majalada mengi yakakosa miguu. Kwenye chumba cha usaili, ambako watu wameachiwa waamue kwa kumpenda mtu au kutompenda, hakuna kilichosogea. Ubaguzi uliowekwa kwa utaratibu huondolewa kwa utaratibu. Hautikisiki kwa dua za upande wa aliyeonewa.

Najua kuna msomaji anayesema: sisi nasi tuna yetu. Hospitali zetu zina ukabila, zina upendeleo, na mgeni kutoka nchi jirani huku kwetu naye ana ya kusimulia. Kweli kabisa. Hiyo ni sababu ya kudai haki mara mbili, huko na hapa. Mwizi wa mtaa wa pili hajawahi kuwa kibali kwa mwizi wa mtaa wa kwanza.

Kinachonikera zaidi ni kwamba serikali zetu, zenye nguvu ambayo muuguzi mmoja hana, zinapatana bei na kusahau masharti. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wafanyakazi wa afya Julai 2021. Kundi la kwanza, wauguzi 19, liliondoka Juni 2022 kwa sherehe na hotuba. Hotuba za namna hiyo husema mengi kuhusu nafasi za kazi na fedha za kigeni, na machache kuhusu muuguzi aliyeonewa ampelekee nani malalamiko yake. Ilhali msingi upo tayari. Kanuni za Shirika la Afya Duniani kuhusu kuajiri wataalamu wa afya kimataifa, zilizopitishwa Mei 2010, zinataka mhamiaji awe na haki na wajibu sawa na mwenyeji aliyesomea hapo, katika ajira na masharti ya kazi. Nchi zetu zilikuwepo zilipopitishwa. Uingereza pia ilikuwepo.

Basi makubaliano yajayo, yawe ya Nairobi, Kampala au Dodoma, yaandikwe hivi. Uzoefu wa muuguzi uhesabiwe katika kumpangia bendi, asianze tena kama mtoto wa shule. Kifungu cha kurejesha gharama kiwe na kikomo, na kifutwe kabisa kwa aliyeondoka kwa sababu ya kunyanyaswa. Anayelalamika apewe muda wa viza unaotosha shauri lake kusikilizwa. Hospitali inayotaka watu wetu ionyeshe kwanza takwimu zake za WRES, na yenye rekodi mbaya isipewe mtu. Ubalozi uwe na ofisa mmoja, jina lake na simu yake vikiwa mkononi mwa kila msafiri, ambaye kazi yake ni kupokea malalamiko hayo na si kupokea wageni wa heshima tu. Mataifa yanayouza chai yanajua kurudisha shehena isiyolipiwa ipasavyo. Yajifunze kufanya hivyo kwa ajili ya watu.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wauguzi wetu walikabidhiwa jembe siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua sanduku. Aliyeshika jembe si mgeni tena, na hadaiwi shukrani kwa kuruhusiwa kulima. Mshahara wake ni malipo ya kazi aliyoifanya usiku kucha. Haujumuishi posho ya kudharauliwa.

Na wewe unayejiandaa kuondoka, usisubiri serikali. Soma mkataba wote kabla ya kutia saini, hasa kurasa za mwisho. Jiunge na chama cha wafanyakazi wiki ya kwanza, kwa sababu vyama vingi havisaidii tatizo lililoanza kabla hujajiunga. Likikupata jambo, andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Peleka malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala. Na meneja akikuambia kwamba jambo lenyewe ni dogo, mwombe akuandikie hivyo kwa barua pepe.